Namna ya kuanzisha kikundi cha kufa na kuzikana mtaani kwenu na kukiongoza kisife njiani: mwongozo kamili

Huu mwongozo ni wa mtu ambae mtaani kwake hakuna kikundi, au kipo lakini kimebaki jina tu kwenye simu za watu, na anaona kabisa majirani wanaishi geti kwa geti miaka na miaka bila kujuana. Nitaongelea Dar es Salaam maana ndio mazingira ninayoyajua, ila mtu wa Mwanza au Dodoma, hata wa Mombasa na Nairobi, atachukua chake humu ndani.

Kwanini nimechagua msiba na sio kitu kingine? Kwa sababu harusi unaweza usialikwe, kikoba unaweza usijiunge, mpira unaweza usiupende, ila kifo kitapita kila nyumba, ya mwenye ghorofa na ya mpangaji wa chumba kimoja. Zamani hii kazi ilikuwa ya ukoo, ukifiwa kijijini huhangaiki kutafuta wa kuchimba kaburi, na watani wapo, Mpare kwa Mchaga, wanajua nafasi yao kwenye msiba bila kuambiwa na mtu. Sasa angalia mji ulivyokwenda. Sensa ya 2012 ilikuta Dar ina watu milioni 4.36, ya 2022 ikakuta milioni 5.38, yaani zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi na wengi wao wamekwenda pembeni huko, Kivule, Chanika, Goba, Mbezi, Kigamboni, kila mtu kanunua kiwanja chake kwa mtu wake na kajenga kwa wakati wake. Wengine walikuwa na majirani wa miaka mingi pale barabara ya Morogoro, ikaja bomoabomoa ya 2017 kuanzia Kimara mpaka Kiluvya wakatawanyika, leo wanaanza upya mahali pasipo na mtu anaewajua. Ukoo uko Songea, Bukoba, Tanga. Anaeweza kufika kwako saa nane usiku ni jirani, na kama hamjawahi kusalimiana hata siku moja, usiku huo utaanzia wapi kumgongea?

Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukijua ninakotaka kukupeleka: anza na majina ya watu, hela zije baadae. Vikundi vingi ninavyoviona vinakufa vimeanza kinyume, watu wamekutana mara moja, wamepanga mchango, wamefungua grupu la wasap, wamechagua mwenyekiti, alafu mwezi wa nne nusu hawalipi na hakuna anaeweza kwenda kumuuliza mwenzie kwa upendo kwa sababu hata jina lake kamili halijui.

HATUA YA KWANZA: Pita nyumba kwa nyumba

Usianze peke yako. Tafuta wawili wa kuongozana nao, na wasiwe watu wa aina moja na wewe. Kama wewe ni mwanaume mwenye nyumba, mtafute mama mmoja anaeheshimika na kijana mmoja mpangaji, kama wewe ni Mkristo basi mmoja awe Muislamu. Hii ina faida mlangoni, maana mtu akifungua geti akaona wanaume watatu wamesimama anawaza wameletwa na nani, ila akimuona mama wa genge anaenunua kwake nyanya kila siku anatulia.

Chagueni eneo dogo. Kaya 30 mpaka 50 zinatosha kabisa, mtaa mzima ni mkubwa mno, mitaa mingine ina maelfu ya watu. Chukua barabara yenu na vichochoro vyake, mpaka wa eneo lenu uwe kitu kinachoonekana kwa macho, mfereji, duka fulani, nguzo ya umeme. Kabla ya kuanza kupita nenda ofisi ya serikali ya mtaa umueleze mwenyekiti na mtendaji mnachotaka kufanya, na mjumbe wenu pia ajue. Ni taarifa ya heshima ili mtu asije kuuliza barabarani hawa wanaandikisha watu wamepewa ruhusa na nani.

Muda mzuri ni Jumamosi jioni kuanzia saa kumi na moja, au Jumapili mchana baada ya watu kutoka ibadani. Ukifika sema kitu kifupi, kwa mfano: "Shikamoo mama, mimi nakaa nyumba ile ya bati la kijani pale kona, huyu ni mama fulani wa genge, na huyu kijana anakaa kwa mzee wa pale chini, tumeona tunaishi jirani na hatujuani, tunapita kuandika majina ili mtu akipata shida tujue tunamkimbilia nani, hatuchangishi chochote leo." Hayo maneno ya mwisho ni muhimu kuliko yote, yaseme mapema, maana watu wamechoka kuchangishwa.

Kwenye daftari weka: jina la mkuu wa kaya na mwenza wake, idadi ya wanaolala humo ndani, namba mbili za simu na moja iwe ya ndugu asiyekaa hapo, ni wa wapi kwa asili, dini yake, na swali moja ambalo watu wengi hawalifikirii: likitokea la kutokea, mngependa kuzika hapa au kusafirisha? Wengine watashtuka kidogo, uliza kwa upole na kama mtu hataki kujibu acha nafasi wazi. Hii habari ya kusafirisha itakuja kubadilisha hesabu zenu zote huko mbele.

Wapangaji waandike sawasawa na wenye nyumba. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu kuna tabia ya kuwaona wapangaji kama wapita njia, leo wapo kesho wamehama, wakati mpangaji ndio mara nyingi hana ndugu hata mmoja mjini. Mlinzi na dada wa kazi nao waandikwe kwa majina yao, sio "dada wa kwa fulani". Dada wa miaka 18 aliyetoka Singida akifiwa na mama yake, nani atamwambia, nani atampa nauli, nani atamsindikiza mpaka stendi ya Magufuli? Kama kikundi chenu hakina jibu la hilo swali bado hamjawa kikundi.

Daftari akae nalo mtu mmoja na lisipigwe picha na kurushwa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwepo, mtu amekupa namba ya ndugu yake kwa sababu amekuamini.

HATUA YA PILI: Kikao cha kwanza

Kifanyike uani kwa mtu au chini ya mti, sio baa, na sio kwenye nyumba ya ibada maana nusu ya watu watajiona wageni. Lisaa limoja na nusu linatosha. Ajenda ziwe tatu tu: kila mtu ajitambulishe, watu waeleze misiba iliyotokea hapa miaka miwili iliyopita na jinsi ilivyokwenda, alafu mkubaliane kikao kijacho.

Hiyo ajenda ya pili ndio moyo wa kikao. Waache watu waongee. Utasikia mama anasema mume wake alifariki saa kumi alfajiri akakaa na mwili mpaka saa mbili asubuhi hajui ampigie nani, mwingine atasema turubai lilikodiwa kwa bei ya kuumiza kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye akili imetulia wa kuuliza bei sehemu nyingine. Mwenye daftari aandike kila kitu: ni misiba mingapi, ya nani, ilikwama wapi. Msichague viongozi siku hiyo. Siku ya kwanza anachaguliwa anaeongea sana, wakati mnaemtaka mara nyingi ni yule aliyekuja na viti bila kuombwa.

HATUA YA TATU: Hesabu kabla ya mchango

Hapa watu hawapendi kukaa, na hapa ndipo vikundi vinapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuseme mko kaya 40. Kwa wastani wa nchi nzima wa sensa ya 2022 kaya moja ina watu 4.3, kwa hiyo mna watu kama 172. Mkipanga 5,000 kwa mwezi kila kaya mnapata 200,000, kwa mwaka 2,400,000. Mtu akiona hiyo namba anasema tutoe milioni moja kwa kila msiba. Subiri kwanza, jiulizeni msiba wa nani. Mkisema ni wa wanaoishi ndani ya kaya tu, ni hao 172 na wengi ni vijana na watoto. Mkisema na wazazi, basi mke na mume kila mmoja ana baba na mama, kaya 40 zinaweza kuleta wazee mpaka 160 ambao hamjawahi kuwaona na umri wao umekwenda. Hapo misiba inaongezeka sana na kiasi kile kile cha hela kinatakiwa kitoshe.

Kwa hiyo tenganisheni. Mfano msiba wa ndani ya kaya 600,000, msiba wa mzazi au mkwe 200,000. Mwaka ukiwa na misiba miwili ya ndani hiyo ni 1,200,000, na minne ya wazazi ni 800,000, jumla milioni mbili na inabaki laki nne. Namba zenu zitakuwa tofauti, mimi natoa mfano wa kupigia hesabu, nyie tumieni ile orodha ya misiba ya miaka miwili mliyoiandika kwenye kikao. Alafu wekeni akiba isiyoguswa inayotosha misiba miwili ya ndani. Kwa mfano huu ni 1,200,000, yaani michango ya miezi sita, ndio maana miezi sita ya mwanzo kikundi kisitoe mkono wake, yaani hicho kiasi mlichopanga cha kumpa mfiwa. Msiba ukitokea kabla ya hapo mnachangishana papo kwa papo, elfu kumi kumi kwa kaya 40 ni laki nne, na mnakwenda wote na mikono yenu.

Vitu ni bora kuliko hela pale inapowezekana. Mkishafika mwaka nunueni turubai, sufuria kubwa, viti hata vya plastiki na taa za kuchaji. Mkiwa navyo mfiwa hakodi, na nje ya misiba vikundi vingine vinakodisha kwenu na hela inarudi mfukoni.

Na jambo moja la msingi, huu mfuko wa msiba usikopeshwe kwa riba. Najua vikoba vimesaidia watu wengi na wengine watasema hela ilale bure ya nini. Lakini mkiweka riba mmeshawafungia mlango Waislamu wengi wa mtaani kwenu, na siku msiba unatokea hela iko kwa watu. Anaetaka kukopeshana afungue kikoba pembeni na akiandikishe, maana toka Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi vya kuweka na kukopeshana viko daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri.

HATUA YA NNE: Katiba, kurasa tatu zinatosha

Katiba za kunakili mahali pengine zina maneno mengi na hakuna anaezisoma. Andikeni wenyewe, kwa Kiswahili cha kawaida, na isomwe yote kwa sauti kwenye kikao kwa sababu wapo wazee ambao macho yameshachoka na hawatakwambia.

Elinor Ostrom, yule mama wa Kimarekani aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuangalia jinsi watu wa kawaida wanavyotunza mali ya pamoja, mifereji ya umwagiliaji, malisho, maeneo ya uvuvi, na akaona wanaodumu wanafanana kwenye mambo kadhaa: inajulikana wazi nani yumo na nani hayumo, sheria wamezitunga wao, wanaangaliana wenyewe kwa wenyewe, adhabu inaanzia chini inapanda taratibu, na ugomvi una mahali pa karibu pa kusuluhishwa. Ukienda Ethiopia utakuta vikundi vyao vya kuzikana vinavyoitwa iddir vina katiba za maandishi, orodha za wanachama na mchango wa kila mwezi, na vimedumu vizazi na vizazi mijini na vijijini.

Hiyo habari ya adhabu kupanda taratibu ishikeni sana. Mtu asipolipa mwezi mmoja anakumbushwa na mtu mmoja, kwa mdomo, sio kwenye grupu. Miezi miwili, mweka hazina na mama mmoja wanamtembelea kujua kuna nini, na mara nyingi kuna kitu, kazi imeisha, mtoto anaumwa, bodaboda imekamatwa. Miezi mitatu anaandikiwa barua na anapewa njia ya kulipa kidogo kidogo. Miezi sita ndio uanachama unasimama. Na kuwe na kipengele cha asiyeweza kabisa: kikao cha viongozi kinaweza kumsamehe mchango kwa muda maalum, akashiriki kwa nguvu zake, na jina lake lisitangazwe popote. Bibi anayelea wajukuu watatu kwa kuuza maandazi msimfute kwa elfu tano.

Mwanachama mpya asubiri miezi mitatu ndio apate mkono kamili, mpangaji na mwenye nyumba sawasawa. Anaehama aondoke kwa amani, hadai michango yake ya nyuma, na akihamia karibu anaweza kuendelea.

HATUA YA TANO: Viongozi

Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na wajumbe wanne ambao kila mmoja anabeba nyumba kama kumi za karibu yake. Hao wajumbe wanne ndio kikundi chenyewe, wao ndio wanajua nani hajaonekana siku tatu. Miaka miwili, alafu uchaguzi, vipindi viwili mwisho.

Kati ya watia saini watatu wa kikundi angalau wawili wawe wanawake. Sisemi hivi kwa kupendeza watu, nasema kwa sababu kwenye misiba ya huku kwetu wakinamama ndio wanapika, ndio wanakaa na mfiwa usiku, ndio wanajua mchele umebaki kiasi gani, alafu hela inapangwa na wanaume waliokaa kwenye viti nje. Anaejua matumizi ndio akae karibu na hela. Vijana nao msiwape kupanga viti tu, mmoja awe katibu au mtunza kumbukumbu, anajua simu kuliko sisi wote na akiaminiwa na kazi ya kweli anakaa.

Mwenye cheo cha chama chochote cha siasa awe mwanachama, asiwe kiongozi. Uchaguzi wa serikali za mitaa unakuja kila miaka mitano, wa mwisho ulikuwa Novemba 2024, na kila ukikaribia watu watataka kupita kwenye kikundi chenu maana ndipo watu walipo. Kiongozi akiwa mgombea, wale wa upande mwingine wanaacha kuja hata kwenye msiba, na kuwarudisha ni kazi kubwa mno.

HATUA YA SITA: Hela zikae wapi

Sehemu kubwa iwe benki kwenye akaunti ya kikundi. Kwa kawaida wanataka katiba, muhtasari wa kikao kilichochagua viongozi, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa na vitambulisho vya watia saini, na ukipitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu mapema atakuelekeza usajili wa kikundi ukoje kwenye halmashauri yenu. Sehemu ndogo, tuseme laki mbili, ikae kwenye simu mahali inapoweza kutoka usiku wa manane. Waislamu wanazika haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo, sanda na gari haviwezi kusubiri benki ifunguliwe Jumatatu. Kuna huduma za kikundi kwenye simu ambazo hela haitoki mpaka viongozi zaidi ya mmoja wakubali, tumieni hizo badala ya laini ya mtu binafsi.

Kila mwezi mapato na matumizi yasomwe. Karatasi moja, risiti zimebanwa nyuma, mtu yeyote anaruhusiwa kuzishika. Hata kama hakuna matumizi, soma "hakuna matumizi".

HATUA YA SABA: Siku yenyewe

Simu inaingia kwa mjumbe wa nyumba zile kumi. Anakwenda yeye kwanza na mama mmoja, kabla ya kutangaza popote, kwa sababu kuna watoto wa marehemu walioko mbali na haifai wasikie kwenye grupu kabla ya kuambiwa na mtu wao. Kazi ya kwanza ni kukaa na mfiwa na kuuliza ndugu gani aambiwe na nani amwambie. Hapo ndipo zile namba za ndugu mlizoandika kwenye daftari zinafanya kazi.

Ya pili ni karatasi. Amefia hospitali, hospitali itatoa taarifa ya kifo. Amefia nyumbani, mtendaji aambiwe mapema maana mtahitaji kibali cha mazishi. Kifo cha ghafla au chenye utata, polisi kwanza, na mwili usiguswe hata kama ndugu wanalia. Kukiwa na deni la hospitali atafutwe afisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo, mpeleke mtu mtulivu akaongee nae, sio yule mwenye hasira.

Ya tatu ni kugawana kazi kwa majina. Usiseme "vijana washughulikie turubai", sema fulani na fulani turubai mpaka saa tatu, mama fulani jiko, fulani maji, fulani daftari la rambirambi. Daftari la rambirambi likae na watu wawili, mmoja anapokea mwingine anaandika, na jioni hela inahesabiwa mbele ya ndugu wa marehemu na anakabidhiwa yule waliyemchagua wao. Mkiwa dini mchanganyiko, mnyama achinjwe na Muislamu na vyombo viwe vya halali toka mwanzo ili kila mtu ale bila wasiwasi.

Chakula kiwe cha kiasi. Nimeona familia zinamaliza akiba yote kulisha watu siku tatu alafu mwezi unaofuata ada ya shule haipo. Kikundi kikubaliane kabisa kwenye katiba: uji au chai asubuhi, mlo mmoja, basi. Mfiwa hawezi kusema hilo mwenyewe, ataonekana mchoyo, kwa hiyo kikundi kimsemee.

Kama mwili unasafirishwa, kikundi kitoe mkono wake mapema wakati gari linatafutwa, na wawakilishi wawili wasafiri. Kule kijijini ndugu wakiona watu wawili wametoka Dar wamekesha njiani mpaka Bukoba, wanajua mtoto wao aliishi na watu.

HATUA YA NANE: Baada ya watu kuondoka

Turubai likishashushwa ndio mfiwa anaanza kuumia. Siku ya tano, ya kumi, hakuna mtu. Kikundi kiweke ratiba ya siku 40, kila siku nyumba moja inapita jioni kumsalimia, hata dakika kumi, na mjumbe anaangalia ratiba inafuatwa. Kaya 40 siku 40, hesabu inakaa yenyewe.

Kwenye hizo siku kuna mambo ya kumkumbusha na kumsindikiza. Kifo kinatakiwa kiandikishwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndani ya siku 30 ili cheti kipatikane, na bila cheti hakuna mafao, hakuna benki, hakuna mirathi. Ukoo ukikaa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari wa kile kikao ndio unakwenda mahakama ya mwanzo. Kikundi kisiingilie nani arithi nini, hiyo sio kazi yenu. Ila mjane asiende peke yake, na vyeti vya ndoa, hati ya kiwanja au ile karatasi ya mauziano, vitambulisho, vyote vihifadhiwe siku ya kwanza kabla nyumba haijajaa watu. Majirani mlioshuhudia mwanamke akijenga hiyo nyumba na mume wake mnaweza kuitwa kusema mlichokiona, semeni.

Na moyo nao. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare pale Harare, akawafundisha kusikiliza watu wenye msongo wa mawazo wakiwa wamekaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, wakaita Friendship Bench. Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliokaa na wale mabibi dalili zao za sonona zilikuwa chini sana baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango huo umefika mpaka Malawi na Zanzibar. Nyie chagueni wakinamama wawili na mzee mmoja wenye masikio na wasiopeleka maneno, hao ndio wawe wa kukaa na mfiwa. Wajue pia mpaka wao, mtu akiacha kula kabisa au akianza kuongea habari za kujiua apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo akiwa na mtu.

HATUA YA TISA: Miezi ambayo hakuna msiba

Hii miezi ndio inaamua. Kikundi kinachokutana kwenye kifo tu kinakuwa kizito, watu wanakiogopa. Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke, na upweke unahusishwa na vifo kama 871,000 kila mwaka. Sasa angalia mtaani kwenu: mzee mstaafu ambae watoto wako nje anatoka asubuhi anakaa barazani anaangalia magari, kijana aliyemaliza chuo anashinda ndani na simu, mama aliyejifungua juzi hana mama yake mjini. Wote hao wako kwenye daftari lenu.

Kwa hiyo kila mjumbe kila Jumapili apite nyumba mbili tu kati ya kumi zake, mwezi mmoja na kidogo anakuwa amezimaliza zote. Haombi mchango kwenye hiyo ziara, mchango una siku yake. Mara nne kwa mwaka fanyeni kitu cha pamoja, usafi wa mfereji kabla ya masika, futari ya pamoja, chai ya mwisho wa mwaka kila nyumba inaleta kitu. Mgonjwa aliyelazwa atembelewe. Mtoto aliyefaulu atajwe kwenye kikao. Namba za dharura zibandikwe kwenye kila geti, 114 zimamoto, 112 polisi, 116 kwa habari za watoto.

Kuhusu wasap, fungueni magrupu mawili, moja la matangazo ambalo viongozi tu wanaandika, lingine la mazungumzo. Picha za marehemu, za wagonjwa, na orodha za wanaodaiwa haziingii kokote. Wasiokuwa na simu janja mjumbe anawafuata kwa miguu, na kusiwe na uamuzi wowote unaopitishwa kwenye grupu, uamuzi ni kikaoni.

HATUA YA MWISHO: Kukabidhi

Mwenyekiti mzuri wa miaka kumi ni hatari kwa kikundi, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, kwa sababu siku akihama au akifariki kila kitu kilikuwa kichwani kwake. Toka mwaka wa kwanza kila kiongozi awe na msaidizi anaeshika kazi yake mwezi mmoja kati ya mitatu. Siku ya makabidhiano isomwe orodha mbele ya watu: daftari la kaya, daftari la mapato, faili la risiti, katiba, funguo za stoo, turubai na viti kwa idadi, usimamizi wa magrupu ya wasap, laini ya simu ya kikundi na namba yake ya siri ibadilishwe hapo hapo. Wa zamani na wapya wasaini wote. Muhtasari wa hicho kikao upelekwe benki wiki hiyo hiyo kubadilisha watia saini, msisubiri, kwa sababu vikundi vingi vinagundua msiba umeshatokea na mwenye saini ya pili alihamia Morogoro mwaka juzi.